Sikio la Kufa, au Sikio Lililozibwa?

Ndugu msomaji, wahenga walisema, "Sikio la kufa halisikii dawa." Methali hiyo sisi wazazi na walimu twaipenda mno. Mtoto akiitwa mara moja, mara mbili, mara tatu, naye haitiki, twamtupia methali. Na baada ya methali huenda likafuata kofi. Leo nakuomba tuketi kidogo, tuulizane swali moja tu: Je, umelitazama sikio lenyewe?

Tuseme yuko mama mmoja kijijini, na mwanawe wa miaka tisa. Tangu mavuno yaliyopita mtoto huyu amegeuka. Akitumwa chumvi, aleta maji. Katika imla aandika "panda" pale mwalimu aliposema "banda." Mwalimu asema ni mzembe. Baba asema ni kiburi. Bibi asema huenda kuna mkono wa mtu. Mama amchukua mwanawe, aenda naye zahanati. Foleni ni ndefu, apewa vidonge, na katika daftari la mtoto laandikwa neno moja tu: "Sikio." Baada ya mwezi arudi, amkuta mganga mwingine. Huyu asoma neno lile, auliza, "Mama, ni sikio gani?" Mama ajibu, "Nadhani la kushoto." Apewa vidonge tena. Mara ya tatu ndipo apatikana mtu wa kuwasha taa na kuchungulia. Aona nini? Hakuna usaha wala kidonda. Kuna donge la nta, jeusi na gumu, limeliziba tundu la sikio la kulia kama kizibo kizibavyo chupa. La kushoto nalo limekwisha kuzibwa nusu. Siku chache za kutiwa matone, kisha kuoshwa kwa maji yenye uvuguvugu, na donge latoka. Mtoto ashtuka akisikia mlango ukifungwa.

Mfano huu nimeutunga mimi, lakini hakuna lililomo ambalo haliwezi kutokea nyumbani mwako. Basi tuhesabu hasara yake. Miezi ya masomo imepotea. Vidonge vimeliwa bure. Mtoto ameitwa mzembe na mwenye kiburi, na jina kama hilo halitoki upesi kama itokavyo nta. Na hasara yote hiyo ina sababu mbili tu: ya kwanza, hakuna aliyetazama, ya pili, hakuna aliyeandika sawasawa. Hayo mawili ndiyo maneno yangu ya leo.

Sikio la nje ni lipi?

Sikio lina vyumba vitatu: la nje, la kati na la ndani. Sisi leo twabaki barazani, katika sikio la nje. Hili ni lile tulionalo na kulishika, pamoja na tundu lake mpaka kufika kwenye kiwambo. Kiwambo ni ngozi nyembamba iliyowambwa ndani kama ngozi ya ngoma. Sauti ikifika, chatikisika. Kwa mtu mzima, tundu hilo lina urefu wa sentimeta mbili na nusu hivi. Theluthi yake ya nje imezungukwa na gegedu, nayo ina vinyweleo. Sehemu ya ndani imezungukwa na mfupa, na ngozi yake ni nyembamba sana. Ndiyo maana ukiingiza kijiti mbali kidogo wasikia maumivu makali.

Sikio lionekanalo nalo limejengwa kwa gegedu, yaani ule ugumu usio mfupa, ambao ukiukunja warudi. Ndewe tu, pale watobolewapo hereni, ndipo pasipo na gegedu. Ni nyama laini na ngozi. Lishike sikio lako sasa hivi, nawe utatambua tofauti.

Basi, watu wengi wakisikia mtu ana ugonjwa wa sikio, mara wafikiri usaha. Kweli usaha upo, na ni jambo zito. Lakini yako magonjwa ya sikio la nje yasiyoletwa na vijidudu, wala hayamwambukizi mtu. Dawa ya kuua vijidudu haiyafai kitu. Ukimpa mtu dawa hiyo bila sababu, wapoteza fedha, na wavizoeza vijidudu vingine kuishinda dawa siku itakapohitajiwa kwa kweli. Natutazame manne kati ya magonjwa hayo.

La kwanza: Nta iliyoziba

Nta ya sikio wengi huiita uchafu. Si uchafu, bali ni mlinzi. Yatengenezwa na vifuko vidogo vilivyo katika ile theluthi ya nje ya tundu, ikichanganyika na ngozi iliyochakaa. Yanasa vumbi, yazuia maji yasilowanishe ngozi, na yapunguza vijidudu. Tena sikio lajisafisha lenyewe: ngozi ya ndani yasogea polepole kuelekea nje ikiibeba nta, na taya likitafuna lasaidia kuisukuma. Watu wengi wa Afrika wana nta laini yenye kunata. Wengi wa Uchina na Japani wana nta kavu kama pumba. Mwaka 2006 wataalamu wa Japani walitangaza kwamba tofauti hiyo hurithiwa kwa wazazi.

Ikiwa ndivyo, kwa nini wengine wazibwa? Wengine wana matundu membamba. Wazee nta yao hukauka. Lakini wengi twajiziba wenyewe. Twachukua njiti ya kiberiti, unyoya wa kuku, kifuniko cha kalamu, ufunguo, spoki ya baiskeli au kijiti cha pamba kilichonunuliwa dukani. Twatoa kidogo, na kingi twakishindilia ndani, mahali ambapo sikio haliwezi tena kukirudisha. Ni kama mtu afagiaye nyumba akiusukumia uchafu chumbani.

Chama cha madaktari wa masikio cha Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2017, chasema kwamba nta ya kuziba huonekana kwa mtoto mmoja katika kila watoto kumi, na kwa mtu mzima mmoja katika kila ishirini. Kwa wazee ni zaidi. Chasema pia kwamba nta isiyomsumbua mtu, wala isiyomzuia mganga kuona kiwambo, yafaa iachwe. Nta ni ugonjwa pale iletapo uziwi, kujaa kwa sikio, mlio, kuwasha, kikohozi au maumivu. Au pale mganga anapotaka kutazama ndani naye hawezi.

Dawa yake ni nyepesi, lakini ina masharti. Kwanza mganga ahakikishe kwamba kiwambo hakina tundu. Kisha nta ilainishwe kwa matone, kama mafuta safi ya zeituni au maji ya sodiamu baikaboneti yatengenezwayo kwa kazi hiyo. Ndipo ioshwe kwa maji yenye joto la mwili, ama iondolewe kwa chombo na mtu aliyefundishwa. Kwa nini joto la mwili? Kwa sababu maji ya baridi au ya moto humtia mtu kizunguzungu, hata aweza kuanguka. Daktari Robert Bárány wa Vienna alilichunguza sana jambo hilo, na kwa kazi yake juu ya sehemu ya sikio iletayo mizani ya mwili alipewa tuzo ya Nobel ya mwaka 1914.

La pili: Sikio lililopigwa

Hapa nisikilize vizuri, wewe mzazi na wewe mwalimu. Gegedu ya sikio haina mishipa ya damu yake yenyewe. Chakula chake yakipata kwa ule utando uliogandamana nayo. Sikio likipigwa kwa nguvu, iwe kwa kofi, mpira au kwa kuanguka, damu huweza kuvuja kati ya utando na gegedu, ikautenga utando. Utaona uvimbe laini, wenye rangi ya kuiva au mweusi, na mikunjo ya sikio imepotea. Gegedu sasa yalala njaa. Damu ile isipotolewa katika siku chache za kwanza, gegedu hufa, na mahali pake pakaota kovu gumu. Sikio hujikunja, nalo halirudi tena kuwa kama lilivyokuwa.

Hili si jambo la jana. Mjini Roma iko sanamu ya shaba ya bondia wa Kiyunani wa kale, ameketi kupumzika baada ya pigano. Ilifukuliwa mwaka 1885. Fundi aliyeitengeneza aliyaonyesha masikio ya bondia yule yamefura na kuharibika, kama yalivyo ya mabondia na wacheza mieleka hata leo. Lakini bondia alikwenda uwanjani kwa hiari yake. Mtoto hakuchagua.

Tena kofi la bapa juu ya sikio laweza kuisukuma hewa ndani kwa nguvu hata kiwambo kikapasuka. Basi mtoto aliyepigwa ili asikie, ndiye huyo sasa hasikii! Sikio likivimba baada ya pigo, usilikande kwa maji ya moto, wala usilitumbue kwa sindano nyumbani. Mpeleke mtoto siku ile ile. Na kama ni mtu aliyempiga, hapa Tanzania kuna fomu ya polisi iitwayo PF3. Ombeni ijazwe, kwa maana uvimbe hushuka lakini maandishi hubaki.

La tatu: Kovu la hereni, na mwasho wake

Binti ametobolewa sikio. Kidonda kimepona vizuri. Baada ya miezi kadhaa paota kinundu kigumu, chang'aa, kinawasha, nacho chakua mpaka kuwa kama kokwa la embe changa. Hili ni kovu liitwalo keloidi. Daktari Mfaransa, Jean-Louis Alibert, ndiye aliyelieleza mapema katika karne ya 19, akalipa jina kutokana na gando la kaa, kwa vile lilivyotambaa nje ya mipaka ya kidonda. Na hiyo ndiyo alama yake: kovu la kawaida, hata likiinuka, hubaki mahali pa kidonda, keloidi huvuka mpaka na kuingia katika ngozi nzima. Huwapata zaidi watu weusi, hasa vijana, na mara nyingi huandama ukoo.

Keloidi si jipu. Usilikamue, maana halina usaha. Wala si saratani. Lakini kulikata tu bila tiba nyingine ni kulialika lirudi, tena pengine kubwa kuliko la kwanza. Madaktari hulichoma sindano za dawa ya kulisinyaza mara kadhaa, au hulikata kisha wakaendelea na sindano, au wakalibana kwa kibanio maalumu. Kwa hiyo, mama, kama wewe una makovu ya namna hiyo, au dada zako wanayo, fikiri mara mbili kabla ya kumtoboa binti yako.

Liko na jambo jingine dogo. Hereni za bei nafuu mara nyingi zina madini ya nikeli, na ngozi za watu wengine haziipendi. Ndewe yawasha, yabambuka, yatoa majimaji pale pale hereni inapogusa. Ivue hereni, nawe utaona jinsi ngozi itulivyo. Mtu asiyeeleza habari ya hereni aweza kupakwa dawa mwaka mzima, huku hereni ikiendelea kufanya kazi yake.

Lakini tusigeuze kila sikio lililo tofauti kuwa ugonjwa. Mzee wa Kimasai aliyetanuliwa ndewe zake tangu ujana hana ugonjwa. Hiyo ni desturi yake na pambo lake. Ndewe ikiraruka, hapo ndipo pana neno.

La nne: Sikio lililochomwa na jua

Ndugu zetu wenye ualbino ngozi yao haina kivuli chake cha asili. Masikio hupigwa na jua tangu asubuhi hata jioni, na mara nyingi twayasahau. Kwanza huja mabaka makavu yenye magamba kwenye ukingo wa juu wa sikio. Kisha kidonda kidogo kisichouma sana. Chakauka, chatoka gamba, charudi. Watu wasema, "Ni kidonda tu." La! Hiyo yaweza kuwa saratani ya ngozi inayoanza, na saratani hiyo ikishikwa mapema huondolewa ikaisha. Kidonda chochote cha sikio kisichopona kwa muda wa wiki nne, hata kwa mtu asiye na ualbino, kisingoje wiki ya tano. Kipelekwe.

Na kinga yake? Kofia ya kapelo yafunika uso lakini yaacha masikio wazi. Inafaa kofia pana yenye ukingo wa kuzunguka pande zote, kama zile za ukindu zisukwazo vijijini mwetu. Tena yako mafuta ya kuzuia jua; katika hospitali ya KCMC mjini Moshi palianzishwa kazi ya kuyatengeneza mahususi kwa watu wenye ualbino. Ukimpaka mtoto mafuta usoni, usiyaruke masikio, mbele na nyuma.

Mganga atambuaje?

Sasa twende naye hatua kwa hatua, ili ukifika zahanati ujue la kumwomba.

Kwanza huuliza: Ni sikio lipi? Tangu lini? Lauma, lawasha, au limeziba tu? Limetoa majimaji? Kuna homa? Limepigwa? Umeingiza kitu gani? Wajibu wako ni kusema kweli, hata habari ya spoki ya baiskeli.

Pili hulitazama sikio kwa nje, mbele na nyuma, akililinganisha na lenzake. Tatu hubonyeza kile kinundu kilicho mbele ya tundu, na kulivuta sikio polepole. Likiuma sana kwa kuvutwa, mara nyingi ni ngozi ya tundu iliyoshikwa na vijidudu. Nne huchungulia ndani kwa otoskopu, ile kurunzi ndogo yenye mdomo mwembamba. Tundu la sikio lina kona. Kwa hiyo mtu mzima huvutwa sikio juu na nyuma, na mtoto mchanga huvutwa chini na nyuma, ili njia inyoke. Hapo aona: Je, ni nta? Je, ni mbegu ya mahindi au mdudu? Je, kiwambo chaonekana, nacho ni kizima?

Tano hupima usikivu. Hili hata wewe waweza kulijaribu nyumbani. Simama nyuma ya mtoto umbali wa mkono mmoja, asikuone midomo. Azibe sikio moja. Nong'ona tarakimu tatu, naye azirudie. Kisha sikio la pili. Na ukitaka kujua jambo la ajabu, ziba sikio lako moja kwa kidole, halafu fumba mdomo uvumishe sauti, "Mmm." Utaisikia sauti ikihamia katika sikio lililozibwa! Waganga hulitumia jambo hilo kwa chuma cha panda mbili chenye mlio, ambacho hukiweka katikati ya paji la uso. Kwa mtu mwenye sikio moja bovu, mlio ukivutwa upande wa sikio hilo, mara nyingi kuna kizuizi njiani. Ukikimbilia upande wa sikio zima, shina la kusikia lenyewe huenda limeharibika.

Dalili hizi si za kungojea kesho: uvimbe wenye kuuma nyuma ya sikio, hasa pamoja na homa, mdomo kwenda upande, kizunguzungu kikali, uziwi wa ghafula, damu baada ya kuanguka au kupigwa, na betri ndogo ya saa iliyoingia sikioni, kwa kuwa huunguza nyama kwa saa chache tu. Usaha nao ni wa kutibiwa, na uliotoka kwa siku 14 au zaidi ni ugonjwa sugu utakao uangalizi wake. Kama ni mbegu, usitie maji, kwa sababu itavimba.

Mali bila daftari

Sasa nimefika penye neno langu la pili. Wahenga walisema pia, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Mimi kazi yangu ni kuandika vitabu vya parokia, nami najua taabu iletwayo na neno moja lililoachwa. Jina bila tarehe, tarehe bila jina la baba, na miaka ishirini baadaye watu wazima wabishana mbele ya meza yangu. Afya ni mali, nayo yataka daftari.

Linganisha maandishi mawili haya. La kwanza: "Sikio. Dawa." La pili: "Sikio la kulia. Halisikii vizuri wiki sita. Hakuna maumivu, homa wala usaha. Nta ngumu imeziba tundu lote, kiwambo hakikuonekana. Sikio la kushoto: nta nusu, kiwambo kizima. Matone siku tano, arudi kuoshwa." Na aliporudi: "Nta imetolewa kulia. Kiwambo kizima. Asikia mnong'ono pande zote mbili." Maandishi haya hayajazi hata nusu ukurasa. Lakini mganga yeyote atakayekuja kesho, hata akitoka mbali, atajua aanzie wapi.

Lile neno "kiwambo hakikuonekana" lina maana kubwa. Mganga hawezi kuandika kwamba kiwambo ni kizima wakati nta imekifunika. Kuandika "sikuona" si aibu. Aibu ni kuandika ulichokisia. Na baada ya nta kutoka hana budi kutazama tena, kwa sababu nyuma ya nta huenda pakawa na jambo jingine.

Wakubwa wa dunia nao waliliona hilo zamani. Mwaka 1893 Mfaransa Jacques Bertillon alileta mbele ya wataalamu wa takwimu, waliokutana Chicago, orodha moja ya sababu za vifo, ili kila nchi ihesabu kwa lugha moja. Mwaka 1948 Shirika la Afya Duniani lilipolipokea jukumu hilo, orodha ilikwisha kupanuliwa ikataja na magonjwa, si vifo tu. Katika chapa yake ya kumi, nta iliyoziba ina namba yake, H61.2. Wamarekani, walipoanza kuitumia hospitalini mwaka 2015, waliongeza tarakimu ya mwisho: moja kwa sikio la kulia, mbili kwa la kushoto, tatu kwa yote mawili. Tarakimu nzima kwa ajili ya kujua upande tu! Chapa ya kumi na moja ilianza kutumika tarehe 1 Januari 2022. Basi ikiwa dunia nzima yahangaika hivyo, wewe usione taabu kusema, "Mganga, tafadhali andika ni la kulia."

Na nyumbani je? Nunua daftari la shule, moja kwa familia nzima. Mpe kila mtoto kurasa zake. Mtoto akiumwa sikio, andika mambo sita: tarehe, upande, dalili, ulichokiona kwa macho yako, alichosema mganga na dawa aliyotoa, na siku ya kurudi. Kama ni uvimbe au kovu, upime kwa rula, andika milimeta, na upime tena baada ya mwezi. Mwenye simu ya picha na apige picha, aandike tarehe yake. Usiandike "kubwa." Kubwa ya nani? Asiyejua kuandika amwombe mtoto wa darasa la tano. Naye atakuwa amejifunza imla ya maana.

Kulia au kushoto, hakikisha ni kulia au kushoto kwa mgonjwa, si kwako wewe uliyesimama mbele yake. Hapo wengi wamejikwaa.

Naam, ndugu msomaji, nimalizie pale nilipoanzia. Sikio la kufa halisikii dawa, ni kweli. Lakini kabla hujasema kwamba sikio la mwanao limekufa, washa taa. Simama nyuma yake, unong'one. Mpeleke kwa mganga, umwombe achungulie pande zote mbili, kisha usiondoke mezani mpaka umeona imeandikwa: ni sikio gani, ni nini, na tangu lini. Na kama ulikwisha kumwita mzembe, ikaonekana ni nta tu, basi mwite tena kwa jina lake, umwombe radhi. Safari hii atakusikia.